Mnyoo kwenye Jicho la Mbwa: Cha Kufanya Kabla Hujamtia Dawa

Maswali ni yale yale kila msimu wa mvua. "Nimeona kitu kama uzi mweupe kinatembea juu ya jicho la mbwa wangu, nimtie matone gani?" "Jicho limekuwa la buluu, limeingia ukungu, ni mtoto wa jicho?" "Duka la dawa za mifugo wameniuzia sindano ya ng'ombe, nimdunge kiasi gani?" Hilo la tatu ndilo linalonifanya niandike haya yote kwa mpangilio, kwa sababu mara nyingi swali linafika baada ya mbwa kushadungwa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefuga mbwa Mombasa, uwe Nyali kwenye ua mpana au Mikindani ambako banda la mbwa liko ubavuni mwa ukuta. Nakuambia mapema: nyumbani kazi yako ni kuosha, kuangalia vizuri na kumfikisha mbwa kwa daktari wa mifugo akiwa na jicho zima. Kumtoa mnyoo na kuchagua dawa ni kazi ya daktari. Jicho jekundu ni jicho jekundu tu. Linaweza kuwa na mnyoo, kidonda, ugonjwa wa kupe au mchanga wa upepo wa kusi, na dawa inayoponya kimoja hapo inaweza kulipofua kabisa kwenye kingine.

Wadudu wenyewe, kwa kifupi

Ukitafuta habari za mnyoo wa jicho, jina la kwanza kukutana nalo ni Thelazia. Huyu ni mnyoo mweupe, mwembamba, wa kama sentimita 1 hadi 2, anayeishi juu ya jicho na chini ya kope la tatu, lile linalojificha kwenye kona ya ndani karibu na pua. Huletwa na nzi wanaolamba machozi. Kwa mbwa anajulikana sana Ulaya, Asia na magharibi mwa Marekani. Huku Afrika ndugu zake wanajulikana zaidi kwa ng'ombe. Kwa hiyo kurasa nyingi utakazozisoma zinazungumzia mbwa wa Italia au wa California, usizichukue zote kama zilivyo. Lakini kama mbwa wako aliletwa na mgeni kutoka Ulaya, hilo ni jambo la kumwambia daktari hata kabla hujakaa.

Wa pili ni Dirofilaria, na huyu huletwa na mbu. Wako wa aina mbili. Mmoja hukaa chini ya ngozi na mara nyingine hutambaa hadi chini ya utando wa jicho. Mwingine ni mnyoo wa moyo, ambaye akiwa mchanga anaweza kupotea njia akaingia ndani ya jicho lenyewe. Minyoo ya mbwa inayobebwa na mbu si ngeni kwetu: iko moja, Brugia patei, iliyopewa jina la kisiwa cha Pate huko Lamu mwaka 1958.

Kisha kuna vimelea visivyoonekana kwa macho, na kwa maoni yangu hivi ndivyo vya kuogopwa zaidi hapa kwetu. Mbung'o wa Shimba Hills hubeba vimelea vya nagana, yaani malale ya mifugo, na mbwa aliyeambukizwa huweza kuingia ukungu mweupe au wa buluu kwenye macho yote mawili, pamoja na homa, tezi kuvimba na damu kupungua. Kupe wa mbwa naye, yule wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za ukuta, hubeba ugonjwa wa erlikia. Huo husababishwa na bakteria, si mnyoo, lakini huleta wekundu, ukungu na hata damu ndani ya jicho. Mtu akiona jicho hukimbilia kutibu jicho, na kumbe ugonjwa uko kwenye damu.

Uwe na hivi mkononi

- Salaini ya asilimia 0.9 kutoka duka la dawa. Chupa ya dripu ya nusu lita inatosha sana.
- Bomba la sindano la mililita 10 au 20, BILA sindano.
- Vitambaa safi vilivyochemshwa na kukaushwa. Usitumie pamba ya kuchambua. Huacha nyuzi, na nyuzi hizo ndizo watu wanazonipigia picha wakidhani ni minyoo.
- Glavu za mpira.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Bandeji ndefu au kifunga mdomo.
- Kichupa kidogo chenye kifuniko na spiriti ya hospitali.
- Mtu wa pili ambaye mbwa anamjua. Bila yeye usianze.

Salaini ikikosekana, chemsha maji safi ya kunywa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa nusu lita, koroga, yaache yapoe kabisa. Maji ya kisima ya Bamburi na Kisauni yana ladha ya chumvi na wako wanaodhani hiyo inatosha. Haitoshi. Chumvi yake haina kipimo na maji yenyewe si safi kwa jicho lenye kidonda.

Hatua kwa hatua

1. Mfunge mdomo, hata kama ni mpole. Jicho linauma, na mbwa anayeumwa hamjui bwana wake. Zungusha bandeji juu ya pua, fundo lipite chini ya kidevu, kisha funga nyuma ya masikio. Kwa joto letu usizidishe dakika chache, maana mbwa hupoa kwa kuhema na ukimfunga mdomo unamfungia feni. Akianza kuhangaika na ulimi kugeuka rangi, fungua mara moja. Mbwa wa pua fupi usimfunge hivyo kabisa. Mshike kwa taulo nene shingoni.

Neno kwa nyumba za Waislamu, maana linaulizwa kimyakimya: vaa glavu na nguo ya kazini, uwe na ndoo yako ya maji na udongo pembeni kwa ajili ya kujitwaharisha baadaye. Kazi hii haihitaji mate ya mbwa yakuguse ukijipanga. Wengi humwachia bawabu kila kitu, lakini bawabu naye anahitaji glavu, na anahitaji kuelezwa hatua hizi, si kuambiwa tu "muoshe yule mbwa macho".

2. Mweke kivulini, mgongo wake ukutani. Jua kali humfanya afumbe macho na hutaona kitu. Msaidizi apige goti ubavuni, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine ukikumbatia kifua.

3. Angalia kwanza, usiguse. Linganisha macho yote mawili. Je, moja ni jekundu au yote? Mboni zinalingana ukubwa? Kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kinang'aa au kina ukungu? Tongotongo ni maji matupu, meupe, au ya kijani? Je, kuna damu ndani ya jicho? Je, kuna upara kuzunguka jicho kama miwani? Upara huo mara nyingi ni ukurutu wa ngozi, si jicho.

Simama hapa hapa na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, bila kuendelea na hatua nyingine, ukiona moja ya haya: jicho limefumbwa kabisa na halifunguki, kioo kimegeuka cheupe au buluu ghafla, kuna damu ndani, mboni hazilingani, kuna kitu kimechoma jicho, au unaona mnyoo NDANI ya jicho, nyuma ya kioo, akiogelea. Huyo wa ndani hatoki kwa maji hata umwage pipa.

4. Osha. Vuta salaini kwenye bomba. Isiwe baridi ya friji. Lowesha kitambaa, lainisha tongotongo zilizoganda, zifute kutoka kona ya ndani kwenda nje, kitambaa kimoja kwa jicho moja. Kisha achia salaini polepole kutoka kona ya ndani, juu ya jicho, itiririke kwenda upande wa sikio. Usilenge bomba moja kwa moja kwenye kioo na usisukume kwa nguvu. Bomba moja au mawili kwa kila jicho yatosha kwa mara ya kwanza.

5. Vuta kope la chini, hesabu hadi tano, huku msaidizi anarekodi video. Hii ndiyo hatua inayorukwa na ndiyo inayomsaidia daktari zaidi, kwa sababu mnyoo ana tabia ya kujificha chini ya kope la tatu mkifika kliniki. Bonyeza kope la juu taratibu kwa kidole gumba ili kope la tatu lijitokeze. Mnyoo hujipinda na kujinyoosha mwenyewe. Uzi wa tongotongo husogea tu jicho likipepesa, kisha hutulia. Kama una shaka, tulia kidogo bila kuchezesha tochi, utaona tofauti.

6. Ukimwona mnyoo juu ya jicho, usimvute. Si kwa kibanio cha nyusi, si kwa kijiti cha masikio, si kwa kucha. Hapo kwenye jicho mbwa akitikisa kichwa mara moja umekwisha kumkwaruza kioo, na mkwaruzo huo una madhara kuliko mnyoo mwenyewe. Unaruhusiwa kitu kimoja: kuosha tena kwa salaini. Akitoka na maji, mchukue na kitambaa, mtie kwenye kichupa chenye spiriti, andika tarehe. Kutoka kwa mmoja si kwisha kwa kazi, kwa sababu huwa hawakai mmoja mmoja.

7. Andika majibu ya maswali haya. Daktari atayauliza na utasahau. Mbwa ametoka nje ya Mombasa miezi ya karibuni? Alikwenda Kwale, Shimba Hills, Taita? Kuna mifugo mingine uani, hasa ng'ombe? Lini mara ya mwisho alitolewa kupe, na kwa dawa gani? Anakula? Amekonda? Anakohoa au kuchoka akikimbia? Umeshamtia nini jichoni? Hilo la mwisho ulijibu kwa ukweli hata kama ni aibu.

8. Mzuie asijikune. Kola ya plastiki ni bora. Ukiikosa, kata ndoo ndogo ya rangi kitako, sugua kingo zisimkate, ifunge kwenye mkanda wa shingo kwa kamba. Anaonekana kituko, lakini usiku mmoja wa kujikuna kwa kucha unatosha kugeuza wekundu kuwa kidonda.

9. Mpeleke. Piga simu kwanza. Kama uko Likoni usivuke feri ukafika mjini ukaambiwa daktari yuko shambani. Madereva wengi wa tuktuk hukubali mbwa aliyefungwa mdomo mkielewana bei kabla. Hakikisha anayemtibu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kuuliza si utovu wa adabu.

Ukifika, tarajia haya: matone ya ganzi, rangi ya njano inayong'aa ya kupima kama kioo kina kidonda, kope kuinuliwa na minyoo kutolewa kwa kuoshwa au kwa kibanio butu. Kwa jicho lenye ukungu bila mnyoo kuonekana, omba damu ipimwe. Tone moja la damu chini ya hadubini linaweza kuonyesha vimelea vya nagana au watoto wa minyoo, ingawa likitoka safi halimaanishi hana kitu, hivyo usinung'unike daktari akitaka kurudia.

10. Maliza dawa. Baada ya kutolewa minyoo kawaida hupewa dawa ya kuua waliobaki, ya kumeza au ya kudondoshea shingoni. Ya erlikia kwa kawaida huchukua takriban wiki 4 na jicho huanza kung'aa mapema, ndipo watu huacha. Usiache.

Makosa yanayopofusha, na mengine yanayoua

*Matone ya macho yaliyobaki kabatini.* Angalia lebo. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni, yarudishe kabatini. Ni steroidi, dawa za kupoza uvimbe. Jicho hupoa wekundu ndani ya siku moja, unafurahi, na chini yake kidonda kinachimba kioo mpaka kinatoboka.

*Ivermektini ya ng'ombe.* Hesabu mwenyewe. Dozi ya mbwa ya kukinga mnyoo wa moyo ni mikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Yaani unahitaji kama sehemu moja ya themanini ya mililita, na hakuna bomba la duka la mifugo litakalokupimia hicho. Juu ya hapo, Collie, Australian Shepherd, Shetland Sheepdog na baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia ubongoni wakipewa nyingi: hupepesuka, hutokwa mate, huzimia. Chotara wao pia. Na mbwa mwenye watoto wengi wa minyoo kwenye damu anaweza kuzidiwa ghafla wanapokufa wote kwa pamoja.

*Sindano ya nagana ya ng'ombe*, ile yenye diminazini. Kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru ubongo ni nyembamba. Iache kwa daktari.

*Oili chafu ya gari* kwa ule upara wa miwani. Sijui nani aliianzisha, ila kila gereji ina mtaalamu wake. Mbwa hujilamba, oili inaingia tumboni, na inayochuruzika inaingia jichoni. Hivyo hivyo sukari ya kusaga, maziwa ya mama, chai ya rangi na maji ya ndimu: hapana, hapana, hapana, na hapana.

*Dawa ya kuogeshea kupe usoni.* Ichanganye kwa kipimo cha lebo, iishie shingoni. Kupe aliye karibu na jicho mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kupindua. Aliye kwenye ukingo wenyewe wa kope mwachie daktari.

Asirudi tena

Nzi hupungua kinyesi kikizolewa kila siku na mabaki ya samaki yasipolala uani. Hakuna siri nyingine. Mbu: mwaga maji kwenye matairi na madumu, na muulize daktari kuhusu kinga ya kila mwezi ya mnyoo wa moyo baada ya damu kupimwa. Kupe: tibu mbwa na nyufa za banda siku moja, la sivyo unateka maji kwa ungo. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo ya tumbo wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, si kwa ajili yao tu. Mayai ya minyoo yao yakimezwa na mtoto wa binadamu anayechezea udongo, viluwiluwi vya minyoo hiyo vinaweza kufika kwenye jicho la huyo mtoto.

Mambo yakikwama

*Mnyoo alionekana jana, leo hayupo.* Yupo chini ya kope la tatu, au ulikuwa ute. Nenda na video.

*Nimemgusa mnyoo kwa mkono, nitaambukizwa?* Thelazia anahitaji kupitia kwa nzi kwanza, akakua ndani yake kwa wiki kadhaa, na Dirofilaria anahitaji mbu. Nawa kwa sabuni, inatosha. Binadamu huambukizwa pia, lakini na nzi na mbu hao hao.

*Minyoo imetolewa na jicho bado jekundu.* Siku chache ni kawaida. Likizidi kufumba, tongotongo zikageuka kijani, au ukungu ukaanza, rudi kabla ya siku uliyopangiwa.

*Ukungu haukuisha baada ya matibabu.* Wa nagana unaweza kuchukua muda kusafika, na kovu la kidonda linaweza kubaki. Kama haligandi tongotongo, halimuumi na anaona njia, anaweza kuishi nalo.

*Macho yote mawili yamefumba ghafla alfajiri, povu mdomoni, anasugua uso chini.* Acha habari za minyoo. Huyo huenda ametemewa na swila, na kwetu Pwani yuko yule mkubwa wa kahawia, Naja ashei, aliyetambuliwa kama spishi ya pekee mwaka 2007. Osha macho mfululizo kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20, sasa hivi, hata kama ni ya bomba. Hapa usingoje salaini. Kisha daktari, na mwambie bawabu asiingie bandani bila tochi.

*Ni Jumapili usiku na hakuna daktari anayeshika simu.* Osha kwa salaini kila saa chache, mvishe kola, mweke ndani kwenye giza na utulivu, usimtie kitu kingine chochote. Asubuhi uwe wa kwanza mlangoni.